Mkaguzi wa Dorine

Waruguru wa Makongeni alikuwa na wivu, na sitaki mtu aniambie ulikuwa wivu wa maendeleo. Ulikuwa wivu mtupu. Dorine akicheka na daktari kwenye korido, Waruguru alijua, hata kama mlango wake ulikuwa umefungwa. Mgonjwa akimletea Dorine parachichi, Waruguru alijua ni ngapi na kama zimeiva. Ajabu ni kwamba wivu huo huo ndio uliofanya watu wengi, kuanzia Ruiru hadi kule Ngoliba, watibiwe vizuri bila wao kujua wamwambie nani asante.

Nieleze kazi yao kidogo, maana hata mamake Waruguru aliishi nayo miaka mingi bila kuielewa. Walifanya kazi kwenye kituo cha kutibu kansa pale Ruiru, chenye mashine moja kubwa ya mionzi. Mgonjwa haingii kwa mashine hivi hivi. Kwanza anapigwa picha za ndani, daktari anachora mahali uvimbe ulipo, kisha mwanafizikia anakaa na kompyuta kupanga miale itaingilia wapi, kwa nguvu gani, na ipite wapi ili isichome kitu kisicho na hatia. Huo ndio mpango. Na aliyepanga hajikagui. Mwenzake anaupitia, anapiga hesabu upya kwa njia yake mwenyewe, halafu wagonjwa wakishaondoka wanaurusha kwenye boksi la plastiki lililojaa vipimo, ambalo wenyewe huliita mgonjwa wa plastiki. Boksi likikubali, mkaguzi anatia sahihi. Bila sahihi ya pili, mashine haiguswi.

Waruguru alikuwa mwanafizikia wa kwanza hapo. Alikulia Makongeni, babake fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mamake mfumaji wa vitambaa vya viti. Kama umewahi kukaa kwenye sebule ya Thika ukaona maua ya uzi yamefunika kochi, meza, redio na hata mtungi wa maji, basi pengine umeshaiona kazi ya huyo mama. Waruguru alisoma, akafundisha fizikia shule ya upili, akachoka na kelele, akarudi chuoni kusomea fizikia ya tiba. Mashine ilipoletwa Ruiru ikiwa bado kwenye masanduku, yeye ndiye aliyesimama miezi na tangi la maji akiipima asubuhi na jioni mpaka ikaaminika. Askari wa geti alimwita daktari, na yeye hakumsahihisha.

Halafu akaja Dorine.

Dorine alitoka Bungoma, akapata nafasi ya kwenda kusoma nje, akarudi na cheti kizuri na tabia ya kumsalimia kila mtu kwa jina. Alipanga haraka na alipanga vizuri. Daktari Gachau, mkuu wa kituo, akiona miale imelala sawasawa kuzunguka uvimbe alikuwa anauliza, "Hii ni ya Dorine?" Hakuwahi kuuliza kama ni ya Waruguru. Kibaya zaidi, Dorine alikuwa anatoka nje kuwasalimia wagonjwa. Mwanafizikia hana lazima ya kuonana na mgonjwa; kazi yake iko kwa kompyuta. Lakini Dorine alitoka, akaketi nao kwenye benchi, akawaeleza. Kwa hivyo wagonjwa wakadhani huyo ndiye anayewaponya.

Waruguru alilipiza kwa njia aliyoijua. Mpango wa Dorine ukifika kwenye meza yake, alivua saa ya mkono, akafunga mlango na kuutafuta kosa kama mtu anayetafuta jiwe kwenye maharagwe ya wageni. Walikuwa wanafizikia watatu tu hapo, na wa tatu, Austine, alikuwa kijana mpole aliyekagua huku akila mandazi. Austine alimaliza mpango kabla chai haijapoa. Waruguru alichukua nusu siku, na mara nyingi aliurudisha na neno moja jekundu: rudia.

Dorine hakuwahi kubisha. "Asante, Madam," alikuwa anasema, kisha anarudia. Hilo nalo lilimkera Waruguru. Ukimtupia mtu jiwe, walau alie.

Mara moja alimpata kabisa. Mzee Kimeu wa Ngoliba, mwenye kansa ya mapafu, alipangiwa mwale ambao ungepita kwenye chuma cha kando ya kitanda cha mashine kabla haujamfikia, yaani nguvu ya mionzi ingebaki kwenye chuma. Waruguru aliona. Dorine alibadilisha siku hiyo hiyo, tena akaenda akamwambia mzee waziwazi kwamba yule madam wa ndani ndiye aliyeona kosa. Mzee alifurahi sana. Wiki iliyofuata alikuja na tikiti maji kubwa la Ngoliba, akampa Dorine. Waruguru alikula kipande chake akiwa amenuna, na lilikuwa tamu.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mamake alipougua.

Ilianza na pua kuziba, kisha damu kidogo kwenye leso, kisha uvimbe shingoni. Yeye alisema ni vumbi la Thika. Walipompima ilikuwa kansa nyuma ya pua, mahali pabaya, chini tu ya mishipa inayopeleka mwanga wa macho kwenye ubongo. Alipewa kwanza dawa za mshipa, akakonda, na sasa ilikuwa zamu ya mionzi, wiki saba, kila siku ya kazi. Waruguru alijua mambo ambayo mtoto wa mgonjwa hafai kuyajua. Alijua kwamba mionzi ikienda kando milimita chache tu, kila siku, mama angepona kansa abaki kipofu. Na mama huyu, macho ndiyo yalikuwa maisha yake. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani katika umri ambao wenzake wanasomewa Biblia na wajukuu.

"Wewe hutapanga na hutakagua," Daktari Gachau alimwambia. "Unajua sheria. Mtu wa familia hagusi faili."

"Najua, Daktari."

"Dorine atapanga. Austine atakagua."

Waruguru alitoka pale akaingia chooni, akasimama mbele ya kioo. Dorine angepanga, sawa. Moyoni, mahali ambapo hakumwonyesha mtu, alijua hakuna aliyepanga kumshinda Dorine. Lakini Austine? Austine alimpenda Dorine kama kila mtu alivyompenda Dorine. Nani atamtafutia Dorine makosa kwa niaba ya mama?

Siku ya kupigwa picha na kutengenezewa maski, ile plastiki inayolainishwa kwa maji moto na kuvutwa juu ya uso ili kichwa kisisogee, Waruguru aliambiwa akae ofisini kwake. Alikaa, akasikia mamake anacheka ndani. Mamake, ambaye hakuwa amecheka tangu dawa zianze.

Jioni hiyo, nyumbani Makongeni, mama alimaliza uji wake na kusema, "Kumbe hii ndiyo kazi mnafanya?"

"Kazi gani, Mami?"

"Hii ya kupanga miale. Dorine amenieleza vizuri sana. Ati ni kama mtu kumwagilia sukuma wiki katikati ya shamba bila kulowesha jirani. Haiya! Miaka hii yote nilidhani unatengeneza kompyuta."

"Nilikueleza."

"Ulinieleza kama mwalimu." Mama alipangusa mdomo. "Kasichana kazuri. Na hakajaolewa."

Hapo Waruguru alihisi kitu kikimchoma kifuani, cha moto kabisa. Parachichi zichukuliwe, tikiti lichukuliwe, hata sifa za Daktari Gachau zichukuliwe. Lakini mama! Aliosha vyombo kwa nguvu mpaka kikombe kimoja kikavunjika mkono.

Baada ya siku kadhaa mpango ulikuwa tayari. Kupitia kioo cha mlango Waruguru alimwona Austine akiukagua. Alimwona akisogeza picha za kichwa cha mamake kwa kidole kimoja, mandazi kwenye mkono wa pili. Mgonjwa wa plastiki alikubali. Austine akatia sahihi na kupangusa mafuta kwenye suruali.

"Umeangalia vizuri?" Waruguru alimuuliza kwenye korido.

"Madam, relax. Ni plan ya Dorine."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Iko poa kabisa. Dorine hakosei."

Dorine hakosei! Waruguru alitaka kumwonyesha kila "rudia" aliyowahi kuandika, lakini makosa hayo yalikuwa yamesharekebishwa, na kosa lililorekebishwa halionekani. Ndiyo shida ya kazi ya mkaguzi. Alikuwa amemjengea Dorine jina safi kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya matibabu, Waruguru alimkuta mama amekaa kitandani na vitambaa vya kichwa vimetandazwa mapajani. Tangu dawa zilipomtoa nywele, mama hakuwa ameonekana kichwa wazi hata na mtoto wake. Alilala na kitambaa na aliamka na kitambaa. Sasa alikuwa ameshika kile cha zambarau, kizito, chenye nyuzi za kung'aa, alichopewa na akina mama wa kanisa.

"Nataka kesho nikae kama mtu," alisema. "Nitavaa hiki."

"Vaa chochote, si utakivua ukiingia."

"Sitavua. Dorine aliniruhusu."

Waruguru alikaa kwenye kiti polepole. "Alikuruhusu nini?"

"Siku ile ya maski. Nilikataa kuvua, kulikuwa na wanaume pale. Akasema sawa, shosho, tutafinyia maski juu ya kitambaa. Ila nije na kile kile kila siku." Mama alitikisa kichwa. "Lakini kile ni cha jikoni, kina doa la mafuta. Siendi na kitambaa cha jikoni siku ya kwanza."

"Fundo lilikuwa wapi?"

"Fundo la nini?"

"La kitambaa, Mami. Ulikuwa umefunga wapi?"

"Nyuma, kama kawaida. Kwani watu hufunga wapi?"

Nyuma, chini ya kisogo, kati ya kichwa na mto wa mashine. Kitambaa chepesi na fundo dogo kichwa kinainuka kiasi hiki. Kitambaa kizito na fundo kubwa kichwa kinainuka zaidi, kidevu kinaingia ndani, na macho yanashuka kuelekea miale. Hata kile cha jikoni, kikifungwa kwa mkono kila asubuhi kwa wiki saba, fundo halingekaa mahali pamoja siku mbili. Wema wa Dorine ulikuwa umefungwa nyuma ya kichwa cha mama, na Austine alikuwa ameliangalia fundo hilo kwenye picha asiulize ni nini.

Na sasa nitasema jambo ambalo Waruguru mwenyewe hakulipenda. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa hofu. Kilikuwa furaha. Nimempata! Kosa kubwa, la wazi, la Dorine, na hakuna wa kulirekebisha kimyakimya. Hofu ilikuja ya pili, ikamkuta furaha imeshakaa kwenye kiti.

Angeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mezani. Neno moja kwa Dorine, au kwa Daktari Gachau, na mambo yangeisha hapo. Lakini kulikuwa na kikao cha asubuhi, wanapokutana wote kabla ya kazi kupitia mipango mipya, na mama alikuwa amepangiwa kuingia baada ya kikao. Waruguru aliona kabisa atakavyosimama. Aliona uso wa Dorine. Akaigeuza simu ikalala kifudifudi.

Asubuhi alimwacha mama kwenye benchi la wagonjwa, zambarau imemkaa vizuri, akaingia kwenye kikao. Alikaa mwisho wa meza. Hakutaka kuanza mapema; alitaka Dorine aeleze kwanza mpango wa shosho, asifiwe, kisha yeye ainue mkono. Daktari Gachau alizungumzia umeme. Akazungumzia jenereta. Kisha akazungumzia watu wanaoegesha magari vibaya. Waruguru alikuwa ametulia kama mtu aliyeshika karata nzuri.

"Haya," Daktari Gachau alisema hatimaye, "mipango mipya. Dorine, shosho wetu."

"Ameshaingia," Austine alisema. "Wa kwanza hakutokea, Jentrix akasema wasipoteze slot. Amemchukua shosho."

Jentrix alikuwa ndiye mwendeshaji wa mashine, mchapakazi, asiyependa mashine ikae bure hata dakika.

Waruguru hakuinua mkono. Aliangusha kiti. Alitoka mbio kwenye korido, viatu vinapiga sakafu, akapita benchi la wagonjwa, akaingia chumba cha udhibiti akipiga kelele ambayo hakujua anayo.

"Usiwashe! Jentrix, usiwashe!"

Jentrix alishtuka akaondoa mikono kwenye meza. Kwenye skrini mama alikuwa amelala, maski imembana, mikono kifuani. Picha ya leo ilikuwa imewekwa juu ya picha ya mpango, na mifupa ya uso ilikuwa haijalingana.

"Sijawasha, nilikuwa nasogeza kitanda," Jentrix alisema. "Imekataa tu kidogo. Ilikuwa inakaribia."

Ilikuwa inakaribia. Pengine Jentrix angeona kwamba kitanda kinaweza kusogea mbele na nyuma lakini hakiwezi kunyoosha shingo. Pengine angeita mtu. Pengine angechoka kusogeza na kusema inatosha. Waruguru alifikiria hayo yote kwa pamoja, na tangu jana usiku alikuwa analijua kosa hili na alikuwa amelala nalo.

Wengine walikuwa wamefika mlangoni. Kwa hivyo alilisema pale pale, mbele ya Daktari Gachau, Austine, Jentrix na wagonjwa wawili waliofuata kelele. Alisema maski ilifinywa juu ya kitambaa. Akaeleza fundo, na kwamba kitambaa cha leo sio cha siku ile. "Ni wewe ulimruhusu, Dorine. Wewe!" alisema, na sauti ikapasuka.

Ilikuwa kama alivyoota, ila hakukuwa na utamu wowote ndani yake.

Dorine alikuwa amegeuka rangi. Jentrix alienda kumfungua mama. Spika ya chumbani ilikuwa wazi muda wote, na kitu cha kwanza mama alichosema maski ilipotoka, alama za wavu zimemchora mashavu, kilisikika na kila mtu.

"Waruguru, usimgombeze Dorine."

Woi. Hata mimi ninayesimulia nilimhurumia hapo.

Daktari Gachau aliamua upesi: maski itupwe, picha zipigwe upya, mpango upangwe upya, matibabu yasubiri. Wakatawanyika. Dorine alibaki.

"Ungenipigia jana," alisema.

Waruguru aliizima spika ya chumbani.

"Lakini kosa ni langu, sikatai. Nilimwonea huruma." Dorine alivuta pumzi. "Madam, nikuambie kitu? Kila plan yangu, huwa naipanga nikikuona vile utafunga mlango uitafute makosa. Nikichoka, nikitaka kuacha kitu kidogo hivi, najiambia, Madam ataiona hii. Narekebisha. Hata maski, mgonjwa akikataa kuvua, huwa nabembeleza mpaka avue, juu ya kuogopa swali lako. Sasa hii ya mama nilijua inaenda kwa Austine. Na Austine ananiamini."

Alitamka neno hilo, ananiamini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Miaka hiyo yote Waruguru alidhani anampiga vita, kumbe mwenzake alikuwa anamwegemea. Ukitaka kumkosesha raha mwenye wivu, mshukuru. "Rudia," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Rudia vizuri."

"Asante, Madam."

Maski mpya ilihitaji kichwa wazi. Waruguru aliingia kumwambia mama, akashika ncha ya kitambaa cha zambarau ili amsaidie kukifungua, na mama akamshika mkono.

"Wewe toka nje. Niitie Dorine."

"Mami, ni mimi."

"Ndiyo. Ndiyo maana." Mama hakumwangalia. "Niitie Dorine."

Alisimama nje ya mlango. Ndani alisikia kitambaa kikifunguliwa, kisha Dorine akisema jambo kwa upole na mama akijibu. Mtu mwingine alikuwa anakiona kichwa cha mamake. Aliona wivu mpaka akaegemea ukuta. Mlango ulifunguka kidogo, mkono wa Dorine ukatoka na kitambaa kilichokunjwa vizuri.

"Amesema ukishike wewe. Kisianguke chini."

Alikishika mpaka mwisho. Kilikuwa bado na joto.

Mpango mpya ulipokamilika, ulienda tena kwa Austine, maana sheria haikubadilika. Waruguru alikuwa amewaza jambo hilo usiku na mchana. Kumwomba Austine awe makini hakungesaidia; kila mtu hudhani yuko makini. Alimnunulia chai na mandazi mawili, akakaa naye.

"Austine, ile nafasi ya kusoma nje aliyopata Dorine. Si wewe pia ulikuwa umeomba?"

Austine aliacha kutafuna. "Niliomba, eeh."

"Na gredi zako zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri kuliko zake, kwanza."

"Hmm." Waruguru alikoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Na Daktari Gachau akiona plan nzuri, anauliza ni ya nani?"

Austine aliiangalia skrini. Aliisukuma sahani ya mandazi kando. Baada ya muda Waruguru alimwona kupitia kioo cha mlango, ameinama, kalamu nyekundu mkononi, anasogeza picha moja moja. Mpango wa mama ulirudishwa kwa Dorine mara mbili. Mara ya tatu ulipita, na mgonjwa wa plastiki akakubali, na Austine hakuwa na mafuta vidoleni alipotia sahihi. Mpaka leo kijana huyo hajapona. Anamkagua Dorine kama askari wa kanjo anavyokagua leseni za wenye vibanda, na kituo kizima kinasema amekomaa.

Mama alilala kwenye mashine wiki zile saba, kichwa wazi, na kila asubuhi alimtaka Dorine ndiye amfungue na amfunge kitambaa. Mdomo ulikauka, koo likawa na vidonda, alikunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Waruguru ndiye aliyeupika. Sifa za uji hakuzisikia.

Miezi ikapita. Jumamosi moja alimkuta mama mlangoni mwa nyumba, kwenye jua, sindano mkononi, anadarizi kitambaa cheupe cha meza chenye maua ya bluu pembezoni. Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

"Cha nani hicho?"

"Cha Dorine."

Waruguru alikaa kwenye kigoda. Alijua hapaswi kuuliza, akauliza. "Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi hunitengenezei?"

Mama aliacha sindano, akamshangaa kwelikweli. "Nikutengenezee kwani wewe ni mgeni? Wewe si ni wangu? Dorine ni mtoto wa wenyewe, lazima nimshukuru." Akamtupia kitambaa mapajani. "Hebu angalia kama kiko sawa, wewe mwenye kukagua."

Waruguru alikitandaza. Alipitisha macho ua kwa ua, kama alivyozoea, na kwenye kona ya mwisho akaliona: ua moja lilikuwa limeruka mshono, jambo dogo kabisa ambalo hakuna mgeni angelitambua sebuleni. Angenyamaza, na Dorine angekaa na kitambaa chenye kosa maisha yake yote. Wazo hilo lilimpitia, na lilikuwa tamu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine alilotaka kulijua, ambalo hakuna picha wala kipimo kilichokuwa kimemwambia mpaka akatosheka.

"Kuna kosa," alisema, akakirudisha bila kuonyesha mahali. "Litafute."

Mama hakuitisha miwani. Alikigeuza kitambaa kwenye jua, akapita upande huu, akapita upande ule, midomo ikihesabu. Kisha kidole cha mama kikasimama kwenye kona, juu ya ua lile lile.

"Hapa," mama alisema. "Kai wewe! Uliona aje kitu kidogo hivi?"

Waruguru aliinama kama anayefunga kiatu, akajifuta uso kwa kiganja. Mama alifumua mshono, akatunga uzi mpya kwenye sindano mara ya kwanza tu, akarudia. Jumatatu kitambaa kilienda Ruiru kikiwa hakina kosa hata moja. Waruguru ndiye aliyekibeba, na njia nzima alikitaka kiwe chake.